Silikoni kabaidi kwenye treni, magari na mitambo ya viwandani: inapofaa na inapokuwa gharama ya bure

#1 – Mleta mada

Wakuu, salaam. Kwa muda sasa wauzaji wa vifaa vya umeme wamekuwa wakiitaja silikoni kabaidi (malighafi ya kutengenezea swichi za kielektroniki za umeme mkubwa, badala ya silikoni ya kawaida) katika kila kipeperushi, na baadhi ya wasimamizi wa viwanda wameanza kuuliza iwapo wang'oe invata (vidhibiti vya mwendo wa mota) walizo nazo wanunue za kizazi kipya. Nimeanzisha uzi huu ili tuijadili kwa undani. Nionavyo mimi, ni hatua kubwa ya kweli katika usafirishaji, lakini kwa sehemu kubwa ya mota zinazozunguka viwandani mwetu bado hakuna sababu ya kuinunua, na mahali pengine inaweza kuleta madhara ambayo mnunuzi hakuyatarajia.

Tuanze na kazi yenyewe. Invata ya mota hupokea umeme wa AC wa fezi tatu, huugeuza kuwa DC kwa daiodi sita, huutuliza kwenye kapasita, kisha swichi sita za kielektroniki huukatakata mara maelfu kwa sekunde ili kuunda upya AC yenye volti na masafa tunayoyataka. Umeme ukiingia kwa volti 400, DC ya katikati hufikia takriban volti 565. Muundo huo haujabadilika sana kwa miongo mingi. Kinachobadilika kizazi hadi kizazi ni zile swichi sita.

Thairista, swichi ya kizazi cha mwanzo, ilitoka katika kampuni ya General Electric ya Marekani mwaka 1957. Iliweza kubeba mikondo mikubwa, lakini ikishawashwa haizimiki kwa amri ya geti (mguu wake wa kuamrisha) mpaka mkondo wenyewe ufike sifuri. Ikaja GTO, thairista ambayo huzimika kwa geti, ila kwa kuivuta kwa mkondo mkubwa sana na kwa kuizungushia saketi za ulinzi zinazokula nafasi na kutoa joto. Treni nyingi za miaka ya 1980 na 1990 zilitumia GTO, na kwa kuwa ilikata umeme kwa masafa ya chini yanayosikika, treni hizo zilikuwa zikitoa mlio wa kupanda kila zinapoondoka kituoni. Baadaye IGBT, transista ya umeme mkubwa ambayo B. Jayant Baliga aliifanyia kazi kubwa hukohuko General Electric, ikachukua nafasi yake kwa sababu geti lake huongozwa kwa volti tu na hukata umeme kwa kasi zaidi. Ukitaka kuviona vizazi hivi kwenye njia moja, tazama treni za mwendokasi za Shinkansen kwenye njia ya Tokaido huko Japani: mfululizo wa 300 ulioanza kazi mwaka 1992 ulitumia GTO, mfululizo wa 700 wa mwaka 1999 ukatumia IGBT, na N700S iliyoanza kubeba abiria tarehe 1 Julai 2020 ina silikoni kabaidi.

Silikoni kabaidi yenyewe si kitu kigeni. Mmarekani Edward Acheson aliitengeneza katika miaka ya 1890 kwa ajili ya kusagia na kunolea, na hadi leo mawe mengi ya grinda na misasa hutengenezwa nayo. Kilichokawia ni kupata fuwele safi ya kutosha kutengenezea transista, kwa sababu haiyeyushwi kama silikoni. Hupashwa joto la zaidi ya nyuzi 2,000 mpaka iwe mvuke, kisha mvuke huo ugande polepole juu ya mbegu ya fuwele, na bonge dogo tu huchukua siku kadhaa kukua. Likishakua, kulikata ni shughuli nyingine, maana ugumu wake unakaribia ule wa almasi. Bei yake ya juu inaanzia hapo. Transista za MOSFET za silikoni kabaidi ziliingia sokoni mwaka 2010 na 2011 kupitia ROHM ya Japani na Cree ya Marekani.

Faida yake ni hii. Uga wa umeme ambao silikoni kabaidi huustahimili kabla ya kupasuka ni takriban mara kumi ya ule wa silikoni ya kawaida, na joto hupita ndani yake takriban mara tatu zaidi. Kwa hiyo tabaka linalozuia volti 1,200 linaweza kuwa jembamba mara kumi, na kwa kuwa tabaka hilo ndilo lenye ukinzani mkubwa, MOSFET, ambayo kwa silikoni ya kawaida huelemewa kwenye volti za juu, sasa inawezekana hata kwa volti 3,300. Aidha, MOSFET haina ule mkia wa mkondo ambao IGBT huuacha kila inapozimwa, na mkia huo ndio unaokula nishati kila swichi inapokata.

Kwa magari kuna jambo lingine ambalo wauzaji hawalielezi vizuri. IGBT ikiwa imewaka ina kiasi cha volti, karibu volti moja, ambacho hupotea ndani yake hata mkondo ukiwa mdogo. MOSFET hupoteza volti kulingana na mkondo: ukipungua hadi robo, volti nayo inapungua hadi robo, na joto linashuka hadi sehemu moja ya kumi na sita. Gari la umeme linalotembea mjini hutumia sehemu ndogo tu ya nguvu za mota yake kwa muda mwingi wa safari, na hapo ndipo MOSFET inapoiacha IGBT mbali. Ndiyo maana Tesla walipotoa Model 3 mwaka 2017 waliweka transista za silikoni kabaidi kutoka STMicroelectronics. Upotevu ukipungua, betri ileile inakwenda mbali zaidi, au mwendo uleule unapatikana kwa betri ndogo zaidi, na betri ndiyo sehemu ghali kuliko zote katika gari. Invata ikipanda bei, gari zima halipandi kwa kiwango hicho.

Sasa geuza hesabu hiyo kwa kiwanda. Tuseme una mota ya kilowati 30 inayoendesha pampu, na invata yake ya IGBT ina ufanisi wa asilimia 97. Ukinunua ya silikoni kabaidi ukafika asilimia 98, umeokoa kama wati 300 mota ikiwa na mzigo kamili. Kwa saa 6,000 kwa mwaka hizo ni uniti 1,800. Si haba, lakini pampu hiyohiyo ikiwa leo inaendeshwa moja kwa moja kwa kontakta (swichi ya kuwasha na kuzima tu) huku mtiririko ukidhibitiwa kwa kubana valvu, ukiifungia invata yoyote ile na kushusha mwendo hadi asilimia 80, nguvu inayohitajika inashuka hadi karibu asilimia 51, kwa sababu nguvu ya pampu na feni hufuata mchemraba wa mwendo. (Pampu inayopandisha maji mlimani haifuati kanuni hiyo kikamilifu, kwa kuwa kimo hakipungui hata mwendo ukipungua.) Aliye na mota kumi zisizo na invata hata moja hana haja ya kuanza kubishana kuhusu aina ya swichi iliyomo ndani.

Karibuni kwa michango, hasa mafundi mlioko viwandani.

#2 – Fundi wa matengenezo, Tanga

Ndugu mleta mada, ahsante kwa somo. Nina swali la kifundi. Invata ya kilowati 55 kazini kwetu imeunguza moduli ya IGBT ya volti 1,200. Nimeona moduli ya silikoni kabaidi yenye umbo lilelile, matundu ya skrubu yaleyale na ampea zinazofanana. Je, naweza kuipachika mahali pa ile ya zamani nikapata faida unazozitaja?

#3 – Mleta mada

Mkuu, usijaribu. Umbo limefanana kwa makusudi, ili watengenezaji wa invata wasilazimike kubuni upya chasisi, lakini bodi inayoongoza geti haifanani. IGBT kwa kawaida huwashwa kwa volti 15, ilhali transista nyingi za silikoni kabaidi zinahitaji kama volti 18 ili ziwake kikamilifu, na wakati wa kuzima hazivumilii volti hasi kubwa kama IGBT. Ukiipa volti 15 inawaka nusunusu na kupata joto, ukiizidishia volti hasi unaliua geti taratibu.

Lakini kubwa kuliko yote ni ulinzi dhidi ya shoti. IGBT ya viwandani imeundwa kustahimili shoti kwa muda wa takriban maikrosekunde 10, na bodi yake imepangwa kugundua hitilafu na kuzima ndani ya muda huo. Chipu ya silikoni kabaidi ni ndogo zaidi kwa ampea zilezile, hivyo joto la shoti halina pa kwenda. Nyingi huvumilia maikrosekunde mbili au tatu tu. Bodi yako ya zamani ikija kushtuka, moduli imekwisha kupasuka. Nunua IGBT ya namba ileile, badilisha pia bodi ya geti kama imepata moto, na kabla ya kuwasha pima kapasita za DC, kwa sababu moduli haiungui bila chanzo.

#4 – Mhandisi wa umeme, kiwanda cha saruji

Naunga mkono hoja ya mleta mada, na ninaongeza yale niliyoyaona kwa macho. Katika kiwanda nilichokuwa nikifanya kazi awali tulifungiwa invata mpya zenye kasi kubwa ya kukata umeme kwenye feni za kupoozea klinka (mabonge yatokayo kwenye tanuri kabla ya kusagwa kuwa saruji). Mzabuni alitumia kebo za zamani zilizokuwepo, ndefu na zisizo na kinga ya shaba ya kuzunguka, akatuambia kila kitu kiko sawa. Baada ya muda mota zikaanza kulia. Tulipofungua moja na kuikata ringi ya nje ya beringi kwa grinda, tulikuta njia ya vigololi imejaa mistari myembamba ya kijivu iliyolala sambamba, yenye nafasi sawa baina ya mstari na mstari, na kidole ukikipitisha unaisikia. Grisi ilikuwa nyeusi na ina harufu ya kuungua, ilhali beringi haikuwa na dalili ya kukosa mafuta wala ya kupangwa vibaya.

Huo ni umeme unaopita kwenye beringi. Volti zinazotoka katika invata si wimbi laini. Ni ngazi zinazopanda na kushuka ghafla, na kila zinaporuka, sehemu ndogo ya umeme huvuka kutoka kwenye koili hadi kwenye shafti, ikajikusanya, kisha ikatoboa utando wa grisi kwenda kwenye ganda la mota. Cheche moja haina neno, lakini hupiga maelfu kwa sekunde. Kwa IGBT volti hupanda kwa kilovolti chache kwa kila maikrosekunde. Kwa silikoni kabaidi inaweza kufika makumi ya kilovolti. Kebo ndefu nayo huongeza tatizo jingine, kwani ngazi hiyo ikifika kwenye mota hurudi nyuma na kujijumlisha, na DC ya volti 565 inaweza kuonekana kwenye koili kama volti 1,100 na zaidi. Mota iliyosukwa upya mtaani kwa waya wa kawaida haiwezi kudumu chini ya mapigo hayo.

Tiba ipo: beringi moja iwe na insulesheni au ya seramiki, shafti ifungiwe brashi ya kuirudisha ardhini, kebo iwe ya kinga na ardhi yake ifungwe kwa mzunguko mzima wa kinga badala ya kusokotwa mkia mmoja, na itokapo invata iwekwe filta. Hata hivyo, ukishaweka filta ya kupunguza kasi ya volti, umeiondoa sehemu kubwa ya ile kasi uliyoilipia ulipochagua silikoni kabaidi. Kwenye feni ya klinka sioni mantiki.

#5 – Mdau wa reli, Morogoro

Wakuu, mmezungumzia Japani na viwanda, mimi naomba tuje nyumbani. Reli ya SGR ya Tanzania inatumia umeme wa kilovolti 25 wa hezi 50. Treni zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na hadi Dodoma mwezi Julai mwaka huohuo. Wengine wanadai kwamba umeme unaorudishwa treni inapofunga breki unatokana na teknolojia hii mpya. Ni kweli?

#6 – Mleta mada

Swali zuri, na jibu ni hapana. Kurudisha umeme wakati wa kufunga breki hakukuanza na silikoni kabaidi. IGBT hufanya kazi hiyo barabara, na hata GTO ilifanya. Mota ikisukumwa na uzito wa treni inageuka kuwa jenereta. Umeme wake hurudi kupitia invata hadi kwenye DC ya katikati, kisha kigeuzi cha upande wa juu huugeuza kuwa AC inayolingana na ya waya, hupandishwa na transfoma iliyo ndani ya treni, na hutoka kupitia pantografu, ule mkono wa juu ya treni unaogusa waya. Treni nyingine iliyo karibu katika sehemu ileile ya waya huutumia. Isipokuwepo, umeme hurudi kwenye gridi kupitia kituo cha kupozea umeme, iwapo kimepangwa kuupokea.

Ili tuone ukubwa wake, chukua treni ya tani 500 inayoshuka kutoka Dodoma, iliyo zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, kuelekea Dar es Salaam. Kwa mshuko wa mita 1,000, uzito huo una nishati ya takriban uniti 1,360. Hiyo ni hesabu ya darasani kabla ya kutoa upinzani wa hewa, msuguano na upotevu wa mitambo, na njia yenyewe haiteremki mfululizo, lakini inatosha kuonyesha kwa nini reli ya umeme yenye milima kama ile ya Kilosa haifanani kihesabu na reli ya dizeli, ambayo nishati hiyo huipeperusha hewani kama joto.

Wajapani wana mfano unaotajwa sana. Kampuni ya reli ya Odakyu ilifunga invata za Mitsubishi Electric zenye silikoni kabaidi tupu kwenye treni zake za mfululizo wa 1000, na vipimo vya mwaka 2015 katika safari za abiria vikaonyesha matumizi ya umeme kupungua kwa takriban asilimia 40. Namba hiyo ni ya kweli, lakini isomeni kwa makini: ililinganishwa na mitambo ya zamani ya GTO. Sehemu kubwa ya faida ilitokana na umeme mwingi zaidi kurudishwa wakati wa breki, kutoka karibu theluthi moja hadi zaidi ya nusu ya uliotumika. Aliye na treni mpya za IGBT asitegemee asilimia 40. N700S ikilinganishwa na mtangulizi wake N700A hupunguza matumizi kwa takriban asilimia 6 tu, na hiyo si kwa invata peke yake.

Faida halisi ya silikoni kabaidi kwenye treni ni uzito na nafasi chini ya sakafu. Joto likipungua, mabamba ya kupoozea yanakuwa madogo, transfoma na vigeuzi vinapangika kwa uhuru zaidi. Kwa N700S hilo liliwezesha muundo mmoja wa msingi kutumika kwa treni ya mabehewa 16 na pia kwa treni fupi, na ikapatikana nafasi ya kuweka betri za lithiamu ambazo huisogeza treni yenyewe hadi mahali salama umeme wa juu ukikatika. Hilo la mwisho ningependa wanaonunua treni zetu walifikirie kuliko hizo asilimia.

#7 – Mwanachama, Nairobi

Ahsanteni. Huku kwetu SGR ya Mombasa hadi Nairobi bado ni ya dizeli, kwa hiyo mjadala wetu wa umeme uko barabarani zaidi: mabasi na bodaboda. Je, invata za bodaboda za umeme zina silikoni kabaidi? Na hizi chaja ndogo za simu zinazoandikwa galiamu naitraidi, ni jamaa moja?

#8 – Mleta mada

Ndugu yangu, bodaboda haina haja nayo. Betri zake huwa za volti 48 hadi 72 hivi, na katika volti hizo MOSFET ya silikoni ya kawaida ina ukinzani mdogo kabisa kwa bei ndogo. Silikoni kabaidi huanza kuonyesha ubora wake kuanzia volti 600 na kuendelea. Muuzaji akikwambia kidhibiti cha pikipiki kina silikoni kabaidi, mwombe namba ya transista. Kwenye pikipiki angalieni zaidi vumbi na maji yanavyozuiwa, na nati za kebo za betri zinavyokazwa, kwani mkondo wa ampea mia moja ukipita kwenye nati iliyolegea huyeyusha terminali yenyewe.

Basi ni habari nyingine. Betri zake ni za mamia ya volti, linasimama na kuondoka siku nzima, na muda mwingi mzigo ni wa wastani. Hapo hesabu ya Model 3 niliyoieleza mwanzoni inafanya kazi, na inafanya kazi vizuri zaidi kwa sababu basi linalozunguka kutwa hutumia uniti nyingi kuliko gari la familia. Chaja za haraka za vituoni nazo zinanufaika, kwa vile hufanya kazi kwa masafa ya juu na kila asilimia ya upotevu ni joto la kuondolewa na feni.

Galiamu naitraidi ni jamaa wa karibu kwa maana kwamba nayo huzuia volti kubwa kwa tabaka jembamba. Ndiyo iliyozaa taa za LED za bluu, kazi iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Nobeli ya Fizikia mwaka 2014. Transista zake hukata umeme kwa kasi kubwa mno, hivyo transfoma ya chaja inakuwa ndogo. Lakini zilizo nyingi sokoni huishia volti 650 hivi, na kwa mota kubwa bado hazijashika.

#9 – Afisa ununuzi, Mwanza

Mimi nina hofu ya upande wa ugavi. Tukinunua mitambo yenye vipuri vya kampuni chache duniani, siku moja ikifungwa tutafanya nini? Nilisoma kwamba Wolfspeed, ambayo ndiyo ile Cree ya zamani, iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake mwezi Juni 2025.

#10 – Mhandisi wa umeme, kiwanda cha saruji

Mkuu, umesoma sawasawa, na ilitoka katika mchakato huo mwezi Septemba mwaka huohuo ikiwa imepunguza madeni. Ilikuwa imewekeza mno katika kiwanda chake cha New York cha kutengeneza chipu kwenye sahani za milimita 200 (vipande vyembamba vya fuwele ambavyo chipu huchongwa juu yake), huku Wachina wakiongeza uzalishaji na bei ya sahani ikiporomoka. Kwa mnunuzi bei kushuka ni neema, ila usalama wa ugavi ni jambo jingine.

Hata hivyo, msihofie chipu za kisasa peke yake. Mwezi Oktoba 2025, baada ya serikali ya Uholanzi kuidhibiti kampuni ya Nexperia na China kuzuia bidhaa za kiwanda cha kampuni hiyo kilichoko Dongguan zisisafirishwe nje, viwanda vya magari vilijikuta vikikosa daiodi na transista ndogo za senti chache. Honda ililazimika kusimamisha kiwanda chake cha Meksiko. Kwenye stoo yetu tunaweka akiba ya feni za invata, kapasita, bodi za geti na kebo tambarare, kwa sababu vitu hivyo ndivyo vinavyosimamisha uzalishaji. Kapasita hasa: kila joto linapopanda kwa nyuzi 10, umri wa kapasita ya elektroliti hupungua kwa karibu nusu. Kabati la invata lililowekwa ukutani pa jua la Mwanza bila feni linakula kapasita, ndani yake kuwe na IGBT au silikoni kabaidi.

#11 – Fundi wa matengenezo, Tanga

Nimenunua IGBT kama nilivyoshauriwa, na kapasita mbili kweli zilikuwa zimevimba vichwa. Sasa naomba msaada wa mwisho. Nikikutana na invata ngeni, nitajuaje kwa mita ya kawaida kama ndani kuna silikoni kabaidi?

#12 – Mleta mada

Kwanza zima, subiri muda ulioandikwa kwenye kifuniko, kisha pima volti za DC baina ya terminali za chanya na hasi mpaka uone zimeshuka kabisa. Usiamini taa ya bodi. Halafu weka mita kwenye alama ya daiodi na upime baina ya terminali ya mota na zile za DC. IGBT nzima huonyesha kati ya volti 0.3 na 0.5 hivi kwa upande mmoja, na wazi kwa upande mwingine. Daiodi ya ndani ya MOSFET ya silikoni kabaidi inahitaji volti nyingi zaidi, zaidi ya mbili, na mita nyingi haziwezi kuzitoa, hivyo inaweza kuonyesha wazi pande zote mbili. Fundi asiyejua atasema moduli imekatika ndani na kuitupa ikiwa nzima. Baadhi ya moduli lakini zina daiodi nyingine iliyofungwa sambamba, na hizo zitaonyesha karibu volti moja, kwa hiyo soma namba iliyochapwa ubavuni kabla ya kutoa hukumu.

#13 – Mkulima mdau, Dodoma

Samahani kwa kuingilia mafundi. Nina kisima cha mita 120 na pampu ya kuzamishwa ya kilowati 11. Muuzaji ananishawishi ninunue invata ya sola ya silikoni kabaidi kwa bei ya karibu mara mbili ya nyingine. Kebo yangu kutoka kabatini hadi kwenye mota inapita mita 200. Nifanye nini?

#14 – Mleta mada

Mzee wangu, usinunue hiyo. Kwa kebo ndefu namna hiyo kasi ya silikoni kabaidi inageuka adui wa koili za mota yako, na mota ya kisimani kuitoa ni gharama ya winchi na mafundi. Chukua invata ya kawaida ya IGBT yenye ampea zinazozidi kidogo zile zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, na tofauti ya bei inunulie filta ya wimbi laini ifungwe hapohapo inapotoka invata. Masafa ya kukata umeme yawekwe kati ya kilohezi mbili na nne, au kadiri filta inavyotaka, maana kila filta ina kiwango chake cha chini. Mwambie fundi aweke pia kikomo cha chini cha mwendo: watengenezaji wengi wa mota za kisimani hutaka zisishuke chini ya hezi 30 na zipande hapo haraka zinapowashwa, kwa sababu beringi inayobeba uzito wa pampu hulainishwa na maji na inahitaji mzunguko wa kutosha. Asubuhi na mapema jua likiwa hafifu ni afadhali invata izime pampu kabisa kuliko kuiacha ikijikokota kwa hezi 15. Ukishapata kibao cha mota, weka picha yake hapa tusaidiane kupanga namba za kuingiza.